Wanaohesabiwa Bila Kura: Maswali Kuhusu Wasio Raia, Walatino na Wagombea wa Marekani

Maswali haya nimeyakusanya mezani, kati ya fomu za uraia na vikombe vya chai, kutoka kwa Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wanaoishi Texas. Wengi huanza kwa kuwataja majirani zao Walatino: mbona wagombea huwaendea wao, huwasalimia kwa lugha yao, na kwetu hakuna anayepiga hodi? Jibu linapita kwenye sensa, mahakamani, na katika historia ya watu waliohesabiwa kwa miongo mingi kabla ya kusikilizwa.

Jambo moja la lugha kwanza. Kwa Kiswahili "jimbo" ni Texas, na pia ni sehemu anayoiwakilisha mbunge. Hapa jimbo litakuwa Texas, California na wenzake. Sehemu ya mbunge nitaiita eneobunge, kama wasemavyo Kenya.

Mimi si raia. Nani ananiwakilisha?

Mbunge wa eneobunge unakoishi, pamoja na maseneta wawili wa jimbo lako. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yanataka viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa kuhesabu watu wote walio katika kila jimbo. Yanasema watu. Hayakusema raia wala wapiga kura. Waliotengwa wakati ule ni wenyeji wa asili wasiotozwa kodi.

Neno hilo lilipatikana kwa damu. Kabla ya hapo Katiba ilihesabu watumwa watano kama watu watatu, na kwa hesabu hiyo mabwana zao wa Kusini wakapata viti vingi zaidi kwa migongo ya watu wasio na kura wala sauti. Marekebisho ya 14 yalikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuvunja utaratibu huo. Ndiyo maana kila mtu akijaribu kuligusa neno "watu," mimi husimama nikasikiliza.

Kwa hiyo anahesabiwa mtoto mchanga, mkimbizi aliyeshuka ndege mwezi uliopita, mwenye grini kadi (kibali cha kuishi nchini daima), na asiye na hati yoyote. Sensa hufanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Viti ni 435, na baada ya sensa ya 2020 kila eneobunge lilikuwa na wastani wa watu wapatao 761,000. Texas iliongezewa viti viwili. California ilipoteza kimoja, jambo ambalo halikuwahi kuipata. New York nayo ilipoteza kimoja kwa upungufu wa watu 89. Jengo moja la ghorofa ambalo wapangaji wake waliogopa kujaza fomu lingetosha kukiokoa kiti hicho.

Je, kuna wanaotaka tusihesabiwe?

Wapo, na wamejaribu zaidi ya mara moja.

Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott. Wapiga kura wawili wa Texas walidai kwamba maeneo ya uchaguzi wa seneti ya jimbo yachorwe kwa kuhesabu wenye haki ya kupiga kura tu. Majaji wote wanane walikataa kuilazimisha Texas ifanye hivyo. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba wawakilishi huwatumikia wakazi wote, si wapiga kura peke yao. Ila mahakama iliacha mlango wazi: haikusema kama jimbo lingeruhusiwa kuhesabu wapiga kura tu likitaka lenyewe.

Kisha ikaja vita ya fomu ya sensa. Serikali ya Donald Trump ilitaka kuingiza swali la uraia katika sensa ya 2020. Juni 2019 Mahakama ya Juu ililizuia, Jaji Mkuu John Roberts akiona kwamba sababu iliyotolewa ilikuwa ya kutungwa. Mwaka 2020 Trump aliagiza wasio na hati waondolewe katika hesabu ya kugawa viti, na Joe Biden akalifuta agizo hilo siku ya kwanza ya urais wake, Januari 2021. Agosti 2025 Trump, akiwa madarakani tena, alitangaza kwamba ameiagiza Wizara ya Biashara ianze kazi ya sensa mpya isiyowahesabu watu walioko nchini bila idhini.

Hoja ya upande huo si ya kipuuzi, na ni haki kuieleza. Wanasema kura ya raia anayeishi kati ya wasio raia wengi ina uzito kuliko ya raia anayeishi kati ya raia watupu, kwa kuwa mbunge wa kwanza huchaguliwa na watu wachache zaidi. Hesabu yao ni sahihi. Lakini shule, maji taka, hospitali na barabara hutumiwa na wakazi wote, na mgeni ameshapita siku ya tatu: jembe amepewa, analima, analipa kodi. Kumfuta katika hesabu ni kumwondolea hata ule uwakilishi wa kuazima.

Asiye raia anaweza kupiga kura popote Marekani?

Katika uchaguzi wa rais na wa Bunge la Marekani, hapana. Sheria ya shirikisho ya 1996 inalifanya kuwa kosa la jinai lenye kifungo.

Katika baadhi ya miji, ndiyo, kwa uchaguzi wa mitaa tu. Takoma Park, Maryland, imeruhusu tangu miaka ya mwanzo ya 1990. San Francisco inawaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule tangu 2018. Miji kadhaa ya Vermont, pamoja na Washington, D.C., nayo imefungua mlango. New York City ilipitisha sheria ambayo ingewapa kura watu wapatao 800,000, lakini mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliibatilisha Machi 2025.

Si jambo geni. Katika karne ya 19 majimbo mengi yaliwaruhusu wahamiaji waliotangaza nia ya kuwa raia kupiga kura, kwa sababu yalitaka watu wa kulima na kujenga. Arkansas ndiyo ilikuwa ya mwisho kufunga mlango huo, mwaka 1926. Siku hizi upepo unavuma upande wa pili. Novemba 2024 majimbo manane yalipitisha marekebisho ya katiba zao kusisitiza kwamba ni raia tu wanaopiga kura.

Na kelele kwamba wasio raia wanafurika vituoni? Mwaka 2024 Georgia ilikagua daftari lake lenye watu milioni 8.2. Waliopatikana kuwa si raia ni 20.

Nilipochukua leseni ya udereva, karani aliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nikasema ndiyo. Kuna shida?

Kuna shida kubwa, na katika ukurasa huu wote hili ndilo ningependa ulisome mara mbili.

Sheria ya 1993 inazitaka ofisi za leseni katika majimbo mengi zimpe kila mteja nafasi ya kujiandikisha. Karani anauliza kwa haraka, foleni ni ndefu, Kiingereza chako bado kinajikokota, na ulikotoka umefundishwa kumwitikia mtu wa ofisini. Unatia alama kwenye kisanduku kinachosema wewe ni raia. Alama hiyo ni tamko la uongo la uraia mbele ya sheria, hata kama hukuwa na nia mbaya, na inaweza kukunyima uraia au kukuingiza katika kesi ya kufukuzwa nchini. Ukienda ukapiga kura, mambo huwa mabaya maradufu.

Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyekuja na kadi ya mpiga kura mkononi, anaitabasamia, akidhani serikali imemkaribisha rasmi. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Ikiwa limekupata, usipige kura, usijaze fomu ya uraia kwanza, na usiichane kadi ukanyamaza. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji au shirika la msaada wa kisheria kabla ya hatua yoyote nyingine. Jibu la swali la karani, ukiwa si raia, ni neno moja tu: hapana.

Hao wanaoitwa "Hispanic" ni Wahispania?

Wahispania kwa Kiswahili ni watu wa Hispania, kwa hiyo neno hilo linapotosha. Wanaozungumziwa hapa ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Cuba, El Salvador, Jamhuri ya Dominika na nchi nyingine zinazosema Kihispania. Natumia Walatino. Mlatino anaweza kuwa mweusi, mweupe, mwenye asili ya wenyeji, au vyote pamoja. Swali la asili hiyo liliingia katika fomu ya kila nyumba mwaka 1980. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62.1, na mwaka 2024 wenye haki ya kupiga kura walikadiriwa kuwa milioni 36 hivi.

Tazama pengo kati ya namba hizo mbili. Wengi waliomo ndani yake ni watoto, na karibu wote hao ni raia kwa kuzaliwa. Kila mwaka takriban milioni moja hutimiza miaka 18. Waliobaki ni watu wazima wasio raia. Mgombea anayemtukana mama asiye na kura atakutana na mwanawe kituoni.

Wagombea walianza lini kuwabembeleza?

Kwa ngazi ya urais, anza na 1960. Wamarekani wenye asili ya Meksiko walianzisha vilabu vya Viva Kennedy, na Jacqueline Kennedy akarekodi tangazo la televisheni akizungumza Kihispania. John F. Kennedy alishinda Texas kwa kura zipatazo 46,000, na vilabu vile vilijua mchango wao. Jioni ya Novemba 21, 1963, mjini Houston, Kennedy na mkewe walipita kwenye hafla ya LULAC, chama cha Walatino kilichoundwa Texas mwaka 1929, na Jacqueline akawasalimia kwa Kihispania. Kesho yake mumewe aliuawa Dallas. Wazee wa hapa bado huisimulia jioni ile.

Baada ya hapo kulikuwa na mengi ya juujuu. Aprili 1976 Rais Gerald Ford alifika San Antonio, akapewa tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya ganda la hindi, naye akaling'ata pamoja na ganda lake. Ni sawa na mgeni afike Kinshasa atafune chikwanga na majani yake. Novemba akashindwa Texas. Sidhani ganda lile ndilo lililomwangusha, ila watu walielewa kwamba huyu hajawahi kukaa mezani kwao. Mwaka 2015 kampeni ya Hillary Clinton ilichapisha orodha ya mambo yanayomfananisha na bibi yako, ikitumia neno la Kihispania la bibi, *abuela*, na vijana wengi wa Kilatino wakakasirika: bibi zao walivuka mpaka na kufua nguo za watu.

Lugha yenyewe ni kitu chenye heshima na mtego. Septemba 2007 televisheni ya Univision iliandaa mdahalo wa wagombea urais wa Chama cha Democratic katika Chuo Kikuu cha Miami, maswali yakiulizwa kwa Kihispania. Masharti yaliwataka wote wajibu kwa Kiingereza wakatafsiriwe. Bill Richardson, mmoja wa wagombea hao, ambaye mama yake alikuwa wa Meksiko, alilalamika hadharani kwamba amezuiwa kuzungumza lugha hiyo mbele ya watazamaji wake.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wagombea wote, kwa maoni yangu, hakuwa mgombea. Willie Velásquez wa San Antonio alianzisha mwaka 1974 mradi wa kuandikisha wapiga kura wa Kusini Magharibi. Kaulimbiu yake ilikuwa *su voto es su voz*, kura yako ndiyo sauti yako. Hakuanza na urais. Alianza na mitaro, lami na bodi za shule, mambo ambayo mama wa mtaani anayaona asubuhi akifungua mlango. Alifariki 1988, na wagombea wa leo wanavuna alikopanda.

Kama kuhesabiwa kunaleta kiti, mbona haikutosha?

Tazama Houston. Mwaka 1991 Texas ilichora eneobunge la 29, mashariki mwa jiji, kwa nia kwamba Walatino wapate mbunge wao. Wakazi walikuwa Walatino kwa wingi. Lakini wengi hawakuwa raia, wengine walikuwa watoto, wengine hawakujiandikisha. Gene Green, Mzungu wa Chama cha Democratic, alishinda mwaka 1992 na kukaa hadi Januari 2019. Sylvia Garcia, Mlatina wa kwanza kulishika eneo hilo, alichaguliwa 2018. Miaka 27 ilipita kati ya kuchorewa eneo na kumchagua mbunge wao.

Green hakuwa adui yao. Wengi walimpenda na walimrudisha tena na tena. Ninachosema ni kwamba ramani ilitoa kiti, na kura ndiyo iliyoamua nani akikalie.

California ilikwenda njia nyingine. Sheria ya 1986 iliyotiwa saini na Ronald Reagan iliwapa hati watu wapatao milioni 2.7 nchi nzima. Mwaka 1994 wapiga kura wa California, gavana Pete Wilson akiwa mbele, walipitisha Pendekezo la 187 la kuwanyima wasio na hati shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama zililizuia. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia nyumbani, na watu waliokaa na grini kadi kwa miaka wakakimbilia kuapa uraia, wakiwemo wengi wa wale wa 1986 ambao muda wao wa kuomba ulikuwa ndiyo kwanza umefika. Waliapa wakiwa wamekasirika, na jimbo lililomtoa Reagan likawa ngome ya Democratic.

Basi Walatino wote ni Democratic?

La, na anayedhani hivyo amechelewa. Wacuba wa Miami wana historia yao ya kumkimbia Fidel Castro, na wengi huegemea Republican, chama cha Bush, Romney na Trump. George W. Bush, aliyezungumza Kihispania katika matangazo yake, alipata takriban asilimia 40 ya kura za Walatino mwaka 2004. Mitt Romney aliporomoka hadi 27 mwaka 2012. Mwaka 2024 tafiti mbalimbali zilimpa Trump kati ya asilimia 43 na 48.

Kaunti ya Starr, kwenye mpaka wa Texas na Meksiko, ina Walatino asilimia 97 hivi. Hillary Clinton alipata huko asilimia 79 mwaka 2016. Miaka minane baadaye Trump aliibeba, mgombea wa kwanza wa Republican kushinda urais katika kaunti hiyo tangu 1892. Bei ya vyakula, ajira za mafuta na za walinzi wa mpaka, na dini ziliwagusa watu. Na Democratic walikuwa wameizoea kura hiyo kama mtu anavyozoea mlango wa jikoni.

Wapuerto Rico nao wana kisa chao. Ni raia tangu 1917, lakini anayeishi kisiwani hapigi kura ya rais, na mjumbe wao bungeni hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Akihamia Orlando, anapata kura zote.

Mbunge atanisikiliza nikiwa sina kura?

Mara nyingi ofisi yake itakusikiliza. Kila mbunge ana wafanyakazi wa kufuatilia kesi za wakazi: faili la uhamiaji lililokwama, malipo yaliyopotea. Utajaza fomu ya kuwaruhusu waulizie habari zako, na hawatakuuliza ulimpigia nani.

Unaruhusiwa pia kwenda mikutanoni, kuandika barua, na kujitolea bila malipo katika kampeni. Mwenye grini kadi anaruhusiwa hata kuchangia fedha. Mwenye viza ya muda haruhusiwi.

Nikiapa uraia wa Marekani, nitapoteza wa kwetu?

Mkenya hapotezi, katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mtanzania mtu mzima anapoteza. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Nimeona wazee wa Kigoma na wa Uvira wakikaa na fomu mwaka mzima kwa sababu hii, na siwaharakishi. Mwenye grini kadi huomba baada ya miaka mitano, au mitatu akiwa ameolewa au kuoa raia. Kwa mkimbizi, kwa kawaida miaka huanza kuhesabiwa siku aliyoingia nchini.

Na sisi Waswahili? Karatasi za kura zitakuja lini kwa lugha yetu?

Mwaka 1975 Bunge liliongeza katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura kifungu kinachozilazimisha kaunti kutoa msaada wa lugha pale raia wa umri wa kupiga kura wasiojua Kiingereza vizuri wanapozidi 10,000 au asilimia 5. Lakini kifungu kinataja Kihispania, lugha za Asia, za wenyeji wa asili na za Alaska tu. Kaunti ya Harris, yaani Houston, inachapisha kwa Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Lugha za Afrika hazimo, hata tukifika laki moja. Ni Bunge pekee linaloweza kukibadilisha kifungu hicho.

Dalili kwamba tunaanza kusikika zipo. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa katika bunge la jimbo la Minnesota kutoka vitongoji vya Minneapolis.

Mpaka hapo, shikilia kifungu cha 208 cha sheria hiyohiyo. Mpiga kura asiyeweza kusoma anaweza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi msaidizi huyo si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, na mahakama zimewakubali pia wasiosoma Kiingereza. Anaweza kuwa binti yako, jirani, au mtu wa kanisani au msikitini. Hapa Texas msaidizi huapishwa kwanza. Mwambie afike na kitambulisho, na someni karatasi ya mfano nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, kwani ile ya Houston ina majina ya majaji wengi kuliko unavyodhani.